Unawashwa mwili na hujui sababu? Anzia hapa kabla hujanunua krimu nyingine

Swali ni lilelile kila siku. "Jamani natokwa na vipele vinawasha, sijui sababu, nitumie nini?" Na majibu ni yaleyale, mmoja atasema hiyo ni damu chafu kunywa mwarobaini, mwingine atasema acha dagaa na nyanya chungu, wa tatu anakutajia krimu iliyomsaidia shemeji yake, na wewe kwa vile hujalala siku nne unafanya vyote ndani ya wiki moja. Wiki ikiisha hujui kilichosaidia wala kilichoharibu. Mimi nilikaa miezi minne kwenye hali hiyo. Niliacha kamba, nikaacha mayai, nikabadili sabuni mara tatu, nikafika mpaka kugawa godoro, na chanzo kilikuwa kwenye pochi yangu muda wote, nitakueleza kwenye hatua ya 6.

Hapa nimeandika utaratibu wa kukitafuta chanzo mwenyewe nyumbani, na jinsi ya kwenda hospitali ukiwa na maelezo ya kueleweka. Fuata mpangilio, usiruke hatua.

Usiendelee kusoma, nenda hospitali sasa hivi kama:

Midomo, ulimi au koo linavimba, sauti imebadilika, unapumua kwa shida, kifua kinabana, unatapika au unasikia kizunguzungu cha kuzimia pamoja na vipele. Hiyo ni aleji kali, dawa yake ni sindano ya adrenalini na inachomwa kituoni, kidonge hakitoshi. Mgonjwa alale, miguu iinuliwe, kama anapumua kwa tabu mwache akae, asitembezwe. Na usimpakie kwenye bodaboda, tafuta gari au bajaji.

Vilevile kama ngozi inachubuka au inatoa malengelenge, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, una homa, hasa kama ulianza dawa mpya wiki hizi mbili tatu. Acha hiyo dawa, ondoka nayo na pakiti yake, kimbia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo, hata la kurasa 40
- Simu yenye kamera
- Kalamu ya wino (ina kazi yake, utaona)
- Vaseline ya kawaida isiyo na harufu
- Sabuni moja isiyo na pafyumu wala dawa ya kuua vijidudu
- Losheni ya kalamaini (inapoza muwasho), sio lazima
- Tochi
- Wiki sita za uvumilivu, na hiki ndicho wengi hawana

Kuhusu sabuni niseme kidogo, ile kuandikwa "ya mtoto" sio maana yake haina pafyumu, inuse. Ikinukia sana sio hiyo.

HATUA

1. Acha kupaka kila ulichoanza kupaka

Limau, magadi, majivu, dawa ya meno, Dettol isiyochanganywa na maji, mafuta ya taa, vyote acha. Limau ukipaka ukatoka juani linaunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi, nimeona watu wanaenda kutibu doa la limau wakati kipele chenyewe kilishapona.

Hatari kubwa zaidi ni zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka la dawa, ndani kuna dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kwa pamoja. Ukipaka siku ya kwanza muwasho unakata mpaka unashukuru Mungu, kwa sababu steroidi inazima muwasho wa karibu kila kitu. Ila kama una fangasi, steroidi inawaficha huku wanasambaa chini chini, ukiacha wanarudi na jeshi, na umbo lao linakuwa limebadilika hata mtaalamu anapata shida kuwatambua. Nyingine zina steroidi kali kama klobetasoli, ndiyo ileile inayowekwa kwenye mikorogo ya kujichubua. Inapunguza unene wa ngozi, inaleta michirizi na chunusi.

TAHADHARI: kama umeshapaka steroidi kali kwa miezi, hasa usoni, usiache ghafla peke yako. Ngozi inaweza kulipuka ikawa nyekundu na kuwaka kuliko mwanzo. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu.

2. Tuliza ngozi wakati unatafuta

Oga maji ya kawaida au vuguvugu, muda mfupi, sio ya moto. Maji ya moto yana raha yake ukiwa unawashwa, najua, lakini nusu saa baadaye utajikuna mara mbili. Weka pembeni dodoki na brashi. Jifute kwa kugandamiza taulo, usisugue, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka Vaseline hapohapo. Kucha kata fupi. Pakiwasha sana weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi.

Kwa kidonge cha kupunguza muwasho, mtu mzima asiye na tatizo la figo na asiye mjamzito anaweza kutumia setirizini ya miligramu 10, kimoja kwa siku. Piritoni nayo inasaidia ila inalaza, kama unaendesha boda, unashona kwa mashine ya umeme au unasimamia jiko la mkaa usiku usiichezee. Mtoto, mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza famasi.

3. Chora mduara uone kama kipele kinahama

Hapa ndipo kalamu inafanya kazi. Likitokea baka limeinuka, kama umeng'atwa na mbu ila kubwa, lizungushie wino pembeni yake, andika saa. Piga picha. Kesho saa ileile angalia tena.

Kama limepotea bila kuacha alama na mengine yametokea sehemu nyingine, hiyo ni utikaria. Kila baka moja halikai zaidi ya saa 24, ila mapya yanaendelea kuja. Hapa unawaza dawa, chakula, maambukizi, joto, mgandamizo wa nguo, na mara nyingi tu hakuna kitu cha nje kabisa.

Kama bado lipo palepale, kavu, lina magamba au linatoa maji, hilo sio baka la kuhama. Waza pumu ya ngozi, kitu kilichogusa ngozi, au fangasi. Fangasi mara nyingi wanachora duara, kingo zimeinuka katikati panaelekea kupona.

Kama ni vitone vitatu vinne vimejipanga mstari, wadudu. Na kama umeamka una mchirizi mwekundu unaouma kama umeungua, shingoni au kwenye mkunjo wa mkono, msimu wa mvua, huyo ni yule mdudu mwembamba wa rangi ya chungwa na mweusi anayefuata taa. Wengi wanamwita nairobi flai. Haumi, sumu yake inatoka ukimponda, kwa hiyo mpulize atoke usimpige kofi, na palipoguswa paoshe kwa maji na sabuni. Hiyo sio aleji, acha kujilaumu kwa ulichokula jana.

Picha ni muhimu maana utikaria ina tabia ya kupotea siku ya kumuona daktari, ukifika ngozi safi na huna cha kumuonyesha.

4. Hakikisha sio upele wala kunguni

Watu hawapendi hatua hii, wanaona kama wanaambiwa wachafu. Upele, ule wa wadudu wadogo sana wanaochimba ndani ya ngozi, hauchagui, anayeoga mara tatu kwa siku anaupata, ukilala au kugusana kwa muda na mwenye nao inatosha. Jiulize: muwasho unazidi usiku kitandani? Upo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mkono, kiunoni, chini ya matiti, matakoni, sehemu za siri? Kuna mwingine nyumbani anajikuna? Zikiwa ndiyo mbili au zaidi, nenda kaonane na mtoa huduma ukiwa na wazo la upele kabla ya wazo la aleji. Kwa anayeupata mara ya kwanza muwasho unaweza kuchelewa wiki 4 hadi 6 tangu aambukizwe, ndiyo maana hukumbuki ulipoutoa.

Dawa ya kupaka (BBE au pamethrini) inapakwa kuanzia shingoni mpaka unyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, sio palipo na kipele tu. Na mnapaka WOTE mnaolala nyumba hiyo, usiku uleule, mkarudia kama mlivyoelekezwa. Mashuka na nguo mnafua kwa maji ya moto mnaanika juani, visivyofulika funga kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. BBE inachoma, kwa watoto wadogo inapunguzwa makali, muulize mfamasia usikisie.

Kunguni ndio kazi ya tochi. Saa nane usiku washa ghafla, angalia mishono ya godoro, viungo vya kitanda, nyuma ya pazia. Vidoa vidogo vyeusi kama vya kalamu ni kinyesi chao.

5. Andika, kila siku, hata siku usiyowashwa

Siku usiyowashwa ndiyo ina thamani kubwa, maana inakuonyesha nini hakikuwepo. Daftari langu lilikuwa hivi:

"Jumanne. Muwasho 7 kati ya 10, ulianza saa 2 usiku, mapajani na mgongoni. Nilikula: chai, chapati, wali maharage, tikiti. Dawa: diklofenaki asubuhi. Nguo: dera jipya halijafuliwa. Jua: nilitembea saa 8 mchana. Hedhi: hapana. Usingizi: mbovu."

Dakika tatu tu. Kosa la wengi ni kuandika chakula peke yake, kwa sababu wameshaamua ni chakula. Andika dawa, nguo, mafuta, kazi uliyofanya, ulikolala, joto, hasira. Ndiyo, hasira na mawazo, sio uongo, vinaongeza utikaria kwa watu wengi.

6. Pekua dawa zako zote

Mwaga pochi na droo. Vidonge vya maumivu, antibayotiki, uzazi wa mpango, presha, unga wa miti shamba, virutubisho vya kunenepesha, vyote.

Mimi ni fundi cherehani, mgongo ulikuwa unaniuma, nikawa nanunua diklofenaki duka la karibu, mbili tatu kwa wiki, wala sikuihesabu kama dawa. Baada ya wiki tatu za daftari nikaweka duara kila siku yenye muwasho wa 6 kwenda juu, nikaweka nyota kila siku niliyomeza kidonge. Vilikaa pamoja karibu vyote. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini kwa baadhi yetu wenye utikaria zinachochea, sio lazima zikuue, zinakuchochea tu taratibu mpaka unachanganyikiwa. Niliacha, daktari akaniwekea parasetamo, na ndani ya mwezi nikalala usiku mzima.

Dawa za salfa, kama Septrini na SP, nazo zinajulikana kwa kuleta aleji, na nyingine ni mbaya sana. Vipele vya antibayotiki mara nyingi havitoki siku ileile, vinaanza siku ya 4 mpaka ya 14, unaweza ukawa umeshamaliza dozi. Na kuna aina moja ukishaijua huisahau: doa jeusi la mviringo, mdomoni, kwenye uume au mkononi, linawaka na kuwasha PALEPALE kila ukimeza dawa fulani, halafu linafifia linabaki jeusi. Watu wanalitibu kama ugonjwa wa zinaa miaka. Likirudi palepale tafuta dawa uliyomeza ndani ya siku moja mbili nyuma.

TAHADHARI: dawa ya presha, kisukari, kifafa, TB au ARV usiache mwenyewe kwa kuwashwa. Rudi kituoni siku hiyohiyo waibadilishe wao. Isipokuwa zile dalili za hatari za juu, hapo unaacha na unakimbia.

7. Soma ramani ya mwili

Kitu kinachogusa ngozi kinaacha anwani yake. Kitovuni ni chuma cha mkanda au kifungo cha jinzi, ndewe ya sikio ni hereni, kifundo cha mkono ni saa, hiyo ni nikeli, madini yaliyomo kwenye vyuma hivyo. Juu ya mguu kwa umbo la mkanda wa ndala ni mpira au gundi. Pembeni ya nywele na nyuma ya masikio ni rangi, gundi ya wigi au dawa ya nywele. Kwapani ni deodoranti, ila ikikaa zaidi pembeni ya kwapa ni nguo. Kope ni ajabu kidogo, mara nyingi zinawashwa na rangi ya kucha kwa sababu unazishika bila kujua. Vidole vya mama wa nyumbani ni sabuni ya unga, Jiki, vitunguu na maji yenyewe, hapo hata sio aleji, ni ngozi imechoshwa.

Aleji ya kugusa inachelewa. Siku moja mbili, hata tatu. Kwa hiyo ukiamka na kipele Jumatatu usimlaumu supu ya Jumapili, uliza Ijumaa na Jumamosi ulipaka nini.

Niseme kuhusu piko, kwa sababu inaniuma kuona maharusi wanaharibika mikono. Hina ya kweli inatoa rangi ya chungwa kwenda kahawia nyekundu na inataka saa nyingi. Ile nyeusi ti ya dakika chache, tunayopakwa Zanzibar, Mombasa, Tanga na Dar, ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD, na haikutengenezwa kukaa juu ya ngozi. Ikikupata malengelenge yanafuata ua lote lilivyochorwa. Ikishakukataa mara moja inakukataa maisha, na baadaye rangi nyeusi yoyote ya nywele inaweza kukuvimbisha uso mpaka macho yasifunguke. Mwanangu ukishawahi kuvimba na piko usijaribu tena "kidogo tu".

Kwa losheni, mafuta au sabuni unayoishuku, jaribu hivi: ngozi ikishatulia, paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, eneo la sarafu, mara 2 kwa siku kwa siku 7. (Sabuni unasuuza.) Ikiwasha umempata. Rangi ya nywele na piko USIZIJARIBU nyumbani.

8. Sasa ndiyo chakula

Nimekiweka hapa makusudi. Aleji ya chakula ya kweli inakuja haraka, dakika chache mpaka saa 2 hivi baada ya kula, na inajirudia kila ukila. Ukila karanga leo salama, kesho salama, keshokutwa unawashwa, sio karanga. Washukiwa wakubwa ni kamba na kaa, samaki, karanga, korosho, mayai, maziwa, ngano, soya na ufuta.

Ila samaki wana habari yao. Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu wanatengeneza histamini kwenye nyama, ileile inayotufanya tuwashwe. Ukila, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Kupika, kukaanga, kuweka ndimu havitoi. Dalili: wote mliokula sahani ile mnawashwa, na wiki ijayo ukila jodari aliyekaa kwenye barafu hupati kitu. Hapo huna aleji ya samaki, badilisha unaponunua.

9. Toa kimoja, wiki mbili, kisha rudisha

Daftari limekupa washukiwa wawili watatu. Chukua MMOJA. Mtoe kabisa siku 14, vingine vyote viendelee kama kawaida. Muwasho ukipungua, mrudishe uone unarudi. Bila kurudisha hujathibitisha, maana utikaria inaweza kupungua yenyewe.

Usirudishe kitu chochote kilichowahi kukuvimbisha midomo au kukubana pumzi, wala dawa yoyote ya hospitali uliyoishuku. Na mtoto mdogo usimuondolee maziwa, mayai na samaki kwa pamoja kwa kubahatisha, utamletea utapiamlo juu ya vipele.

10. Nenda hospitali na daftari lako

Muwasho ukizidi wiki 6, au kabla kama unakunyima usingizi. Mwambie daktari muwasho umeanza lini, kila baka linakaa muda gani, muonyeshe picha na dawa zote. Kuna vipimo vya kuulizia: picha kamili ya damu, choo kwa ajili ya minyoo, sukari, ini na figo, wakati mwingine tezi ya shingo, na VVU. VVU nataja bila kuzunguka, vipele vidogo vigumu vinavyowasha mikononi na miguuni visivyoisha ni moja ya dalili zake, na ukijua mapema ukianza dawa ngozi nayo inapona. Kama umeishi Mahenge au Ulanga kwenye mito iendayo kasi, taja usubi, ugonjwa wa kuwasha unaoletwa na inzi weusi wadogo wa mitoni.

Sio lazima uanze na bingwa wa Muhimbili. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kimewafundisha matabibu wengi, uliza hospitali ya mkoa au wilaya kama wana mtu wa ngozi na ni siku gani ya kliniki. Kama utapimwa aleji kwa kuchomwa vitone mkononi, uliza uache setirizini siku ngapi kabla, huwa ni karibu wiki, la sivyo kipimo kinatoka safi kwa uongo.

UKIKWAMA

*Tumepaka BBE wote, bado nawashwa.* Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa. Usipake kila siku, BBE yenyewe inaunguza. Kama vinatoka VIPYA baada ya mwezi, kuna mtu au shuka lilisahaulika.

*Setirizini haifanyi kitu.* Unameza ukiwashwa tu? Kwa utikaria inamezwa kila siku, hata siku nzuri. Bado? Daktari anaweza kukuongezea dozi, usijiongezee. Na prednisoloni, vidonge vya steroidi, usinunue mwenyewe, unapona siku tano, unaacha, inarudi, unanunua tena, na huko kuna kupanda kwa sukari na presha, na mifupa kudhoofika.

*Vinatoka nikitokwa jasho au nikikimbia.* Vitone vidogo vidogo dakika chache baada ya joto kupanda, vinaisha ndani ya saa moja hivi, hiyo ni utikaria ya joto la mwili. Vikikaa siku nzima shingoni na mgongoni ni harara, vaa pamba, kaa penye upepo.

*Nikijikuna inabaki mistari imeinuka.* Kwaruza mkono kwa mgongo wa kijiko, subiri dakika kumi. Ikiinuka mstari na kuwasha, ngozi yako inachokozwa na msuguano. Legeza nguo, badili sidiria inayobana, hakuna chakula cha kuacha hapo.

*Nawashwa ila sina kipele.* Usitafute aleji, nenda kapime ini, figo, tezi, damu. Na mama mjamzito ukiwashwa viganja na nyayo hasa usiku, miezi ya mwisho, bila kipele, nenda kliniki siku hiyohiyo, inaweza kuwa ini na mtoto yuko hatarini.

*Mtoto tu ndiye mwenye vipele, miguuni, kila akitoka kwa bibi.* Mbu, viroboto au kunguni wa kwa bibi. Chandarua, suruali ndefu jioni, na tochi uende nayo.

*Miezi imepita, daftari limejaa, hamna kitu.* Inatokea, tena mara nyingi. Utikaria inayopita wiki 6 kwa wengi haina chanzo cha nje, mwili wenyewe unachokoza chembe za ngozi zinazotoa histamini, na haimaanishi umekosea hatua. Rudisha vyakula vyote ulivyoacha, usibaki unakula wali mkavu mwaka mzima. Meza dawa yako kila siku kama ulivyoandikiwa, rudi kliniki kila miezi michache wapime kama unaweza kupunguza, na picha za zamani kwenye simu usizifute.